Mwimo wa Mlango wa Uani

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, fundi alikunywa chai yake amekalia kigoda karibu na mlango wa uani. Mkewe alikuwa ameinama, sikio kalibandika kwenye mwimo wa kushoto wa mlango huohuo, mkono mmoja kiunoni, kama mtu anayesikiliza majirani wakimsengenya.

"Wameamka?" fundi akauliza.

"Hawajalala. Uliyelala ni wewe."

"Wanasemaje?"

"Wanasema fundi wa nyumba hii anafyonza chai kama pampu. Hebu nyamaza kidogo."

Fundi akanyamaza. Alishika kikombe hewani, hakukipeleka mdomoni mpaka mkewe aliponyoosha mgongo. Alishazoea. Wengine wana wake wenye kuku, wengine wenye maua. Yeye alioa mwalimu mwenye mchwa.

Mwalimu akaosha kikombe chake, akabeba rundo la madaftari, akatoka. Hakufika mbali, akarudi.

"Miwani yangu?"

"Iko kwenye meza yangu ya kazi, juu ya maranda."

"Sasa umeiweka huko kwa nini?"

"Nimeiweka mimi?"

Akacheka, akaenda kuichukua, akaipuliza unga wa mbao, akaenda zake shule. Fundi akasikia geti. Akashika randa, akaendelea na mlango wa mteja. Hakuna kingine kilichotokea. Ameipitia asubuhi hiyo mara nyingi akitafuta kingine, hajakipata.

Mchana wa siku hiyo likaja jibu. Baada ya jibu hapakuwa tena na asubuhi ya kawaida katika nyumba ile. Palikuwa na asubuhi za pasipoti, asubuhi za masanduku, asubuhi za simu. Lakini jibu lilikuwa na safari yake ndefu, na safari ilianzia hapohapo mlangoni.

Mlango ule fundi aliutengeneza kwa mkono wake walipohamia. Miimo yote miwili ilitoka gogo moja. Aliipasua siku moja, akairanda siku moja, akaisimamisha siku moja. Haikupita muda mrefu mchwa wakaupanda mwimo wa kushoto. Wa kulia hawakuugusa.

Mchwa kwa seremala ni kama panya kwa muuza nafaka. Fundi alikuja na kopo la oili chafu na brashi, hasira zimempanda. Akamkuta mkewe amesimama katikati ya mlango.

"Subiri kwanza. Kwa nini wanakula huu, ule wanauacha?"

"Kwa sababu ni wezi."

"Mwizi haachi nusu ya mali. Mbao ni moja?"

"Gogo moja. Baba mmoja, mama mmoja."

"Basi kuna kitu wao wanakijua, sisi hatukijui. Niachie siku chache."

Siku chache hizo zikawa miaka.

Mwalimu alifundisha baiolojia sekondari. Shahada yake ya pili aliisotea likizo kwa likizo, binti yao alipokwisha kukua. Wanafunzi walimwita Mama Mchwa, wakidhani hajui. Alijua. Siku ya mtihani aliingia akasema, "Mama Mchwa kafika, madaftari chini," na darasa zima likatazama sakafu.

Fundi yeye shule aliifahamu kwa nje, akiwa na baba yake wakipeleka madawati. Alijua kusoma futi ya kupimia na kuandika jina lake kwenye risiti. Kwa hiyo mkewe alipoanza kusema anataka kusoma tena, shahada ya mwisho kabisa, ile ya uzamivu, fundi aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Ada utaipata wapi?"

"Hakuna ada. Kuna nafasi zenye ufadhili. Hizo wao ndio wanakulipa wewe, kila mwezi, kama kazi. Profesa ana swali lake, amepewa fungu la fedha la kulichunguza, anatafuta mtu wa kulichunguza naye miaka mitatu minne."

Fundi akawaza kidogo. "Kumbe ni kwenda kwa fundi mkuu."

"Hasa. Ila fundi mkuu wako ulimkuta mtaa wa pili. Wangu yuko ng'ambo, na wala hajui kama nimezaliwa."

"Na cheo je? Watakuita nani?"

"Cheo wanipe wanachotaka. Mimi nataka mtu anilipe nikae niwasikilize."

Alisema hivyo huku akiutazama mwimo. Fundi alimwona macho yake, akajua jambo hili halina dawa. Kuna watu wana kiu ya maji, ukiwapa inakwisha. Ya mwalimu haikuwa hiyo.

Akaanza kutafuta. Binti yao wa pekee alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, na ndani ya kibanda kompyuta moja aliyoifufua mwenyewe. Mwalimu akitoka shule alipitia huko. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, akisaka matangazo ya vyuo. Jioni alirudi na habari, naye fundi alizipokea akipiga msasa.

"Leo nimepata moja ya nyuki."

"Nyuki si mchwa."

"Nimeomba hivyohivyo."

Aliomba ya nyuki, aliomba ya mbu, aliomba ya minyoo ya udongo. Waliojibu walisema nafasi ni kwa raia wao. Wengine walisema wanataka waliomaliza masomo juzi juzi, siyo mtu mwenye mvi. Wengi hawakusema chochote. Barua pepe zilikwenda kama mawe kisimani, tena afadhali jiwe, likitua utasikia.

Siku moja akaja moja kwa moja kwenye karakana ya fundi, kando ya nyumba, bila kuingia ndani. Fundi alikuwa anapimia mlango. Mwalimu akakaa juu ya rundo la mbao, akamtazama anavyopima upana, anavyopima kimo, anavyorudia.

"Najua kosa langu," akasema.

"Lipi?"

"Nimechonga mlango mmoja, nauzungusha kila nyumba. 'Mheshimiwa Profesa, mimi ni mchapakazi.' Sijapima fremu ya mtu hata mmoja."

"Na bawaba uliweka?"

"Cheka tu."

Tangu siku hiyo aliacha kuandika, akawa anasoma. Alisoma walichoandika maprofesa wenyewe, mmoja mmoja, akitafuta mwenye swali linalofanana na lake. Dada yake fundi, aliyezoea kuja Jumamosi kukagua nyumba ya kaka yake kana kwamba aliijenga yeye, alimkuta wifi yake amezungukwa na karatasi.

"Wifi yangu, wenzio umri huu wanatafuta wajukuu. Wewe unatafuta maprofesa."

"Mjukuu atakuja, wifi, bila mimi kuandika maombi."

"Na ukipata, huyu ndugu yangu utamwacha na nani?"

"Na mchwa. Wameshazoeana."

Wote wakacheka. Fundi naye akacheka, ila cheko lake lilikwama njiani. Alitaka mkewe apate. Alitaka pia asiondoke. Vitu viwili hivyo havikuingia kwenye fremu moja, na fremu ndiyo kazi yake. Hakusema. Alichukua tupa akanoa msumeno ambao ulikuwa umenolewa tayari.

Profesa alipatikana. Alikuwa mwanamke, katika nchi ya baridi, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi wadudu wanavyochagua mbao ya kula. Mwalimu alisoma kila alichoandika yule mama. Kisha akamwandikia barua fupi. Safari hii hakusema yeye ni mchapakazi. Alieleza habari ya miimo miwili ya gogo moja, akaweka na picha ya mlango wa uani, na ndani ya picha, pembeni, kikaonekana kigoda na mguu wa fundi.

Jibu halikuchelewa. Mwalimu alikuja nalo mbio, akalisoma kwa Kiswahili, neno kwa neno.

"Anasema hivi: 'Miimo hiyo bado ipo? Usiiguse. Nimepata fungu la mtu mmoja. Peleka maombi rasmi kabla dirisha halijafungwa.'"

"Dirisha gani tena?"

"La maombi, fundi. Tarehe ikipita hawapokei."

"Miimo ameuliza kama ipo," fundi akasema. "Mwambie ipo. Mmoja unaliwa."

Maombi rasmi si barua. Yalitaka wasifu wake wote tangu alipoanza kazi. Yalitaka andiko la kueleza atachunguza nini na kwa njia gani. Yalitaka watu wawili wa kumsemea: mkuu wa shule akakubali, na mwalimu wake wa zamani wa chuo akakubali. Mwisho yalitaka vyeti, picha za vyeti halisi. Hilo lilikuwa jepesi kuliko yote. Vyeti vilikuwa sandukuni.

Sanduku lilikaa ukutani, kando ya mwimo wa kushoto. Fundi alilitengeneza kwa mbao nzuri, kona ameziunga kwa meno, hata msumari hakutumia. Dawa hakupaka. Katika nyumba ile dawa ya mchwa ilikuwa marufuku tangu siku ya kopo na brashi. Mteja alipakiwa dawa, jirani alipakiwa dawa, nyumba ya fundi mwenyewe haikupakwa. Mganga hajigangi. Hakuna nyumba nyingine ya seremala ambayo ingefanya kosa hilo.

Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo dada mtu alikuwepo. Binti alikuwepo pia, simu mkononi tayari kupiga picha. Kwa nje sanduku lilikuwa zima, linang'aa. Mwalimu alipoliinua alilete mezani, kitako kilibaki sakafuni.

Bahasha ya vyeti ilikuwa katikati ya udongo mwekundu, unyevunyevu. Cheti cha kwanza kilibaki pembe mbili na muhuri. Cha pili kilikuwa kama kitambaa cha lesi. Jina la mwalimu lilianza vizuri, likaishia tunduni.

Dada mtu ndiye aliyefungua mdomo. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Fundi alikwishatoka. Alirudi na kopo na brashi, na safari hii hakuwa na hasira, alikuwa na kazi. Mwalimu alikuwa amekaa sakafuni, cheti amekiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Weka kopo chini."

"Mwalimu, wamekula shahada zako."

"Wamekula karatasi. Hebu njoo uone. Bahasha ni moja. Hivi viwili wamekula, hiki katikati wameruka." Akakung'uta karatasi ya tatu. Ilikuwa cheti chao cha ndoa, kizima, hata kona haikukunjika. "Kwa nini?"

"Wamekionja," akasema dada mtu, "wakakuta kichungu."

Mwalimu akacheka mpaka machozi. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Fundi akaliweka kopo chini.

Chuo kilisema kinaweza kutoa vyeti vingine, ila itachukua miezi, na kwanza ipatikane karatasi ya polisi ya kupotelewa. Wakaenda wote wawili. Askari wa zamu alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri.

"Mama, umeibiwa au umepoteza?"

"Vimeliwa."

"Na nani?"

"Na mchwa."

Askari akalaza kalamu. "Unawafahamu?"

"Nawafahamu mpaka ukoo wao."

Askari akamtazama fundi, kama mwanamume anayemwomba mwenzake msaada. Fundi akatikisa kichwa kuthibitisha. Ikaandikwa. Lakini karatasi ya polisi haikugeuka vyeti, na dirisha la maombi lilikuwa linakaribia kufungwa.

"Tuma hivihivi," binti akasema.

"Nitume vyeti vilivyoliwa?"

"Mama, si unaomba kazi ya kuchunguza walaji? Huo ndio ushahidi."

"Wataniona kichaa."

"Ukisubiri vipya watakuona umechelewa."

Mwalimu akazunguka nyumba. Akasimama mlangoni, akaweka sikio, akakaa hivyo kwa muda. Halafu akaketi akaandika ukurasa mmoja: mchwa waliingilia upande gani, ni wa aina gani kwa jinsi walivyotafuna, na kwamba karatasi tatu zilikaa katika bahasha moja na moja haikuguswa, sababu haijulikani. Mwalimu wake wa chuo akaandika kuthibitisha kwamba shahada ni zake. Binti akapiga picha matundu yote. Vikaenda.

Usaili ulifanywa kwa kompyuta, ndani ya karakana, kwa sababu mtandao ulikuwa na nguvu upande ule. Fundi alifagia maranda tangu asubuhi. Alimwomba mchomelea vyuma wa jirani asimamishe kazi kidogo. Mchomelea akauliza kuna msiba. Fundi akasema hapana, mke wangu anaongea na watu. Mchomelea akazima mashine, akaja kukaa naye nje, wakalinda mlango kama walinzi wa benki.

Akatokea mteja na kitanda kilichovunjika mguu, kakifunga juu ya mkokoteni.

"Fundi, gonga msumari mmoja tu, niondoke."

"Leo hagongi mtu hapa."

"Msumari mmoja."

"Kalale chini leo," akasema mchomelea. "Ni afya kwa mgongo."

Kupitia ukuta wa mbao fundi alisikia sauti ya mkewe ikisema lugha asiyoijua. Haikutetemeka. Alitambua neno moja tu, mchwa, aliloliacha kwa Kiswahili. Kisha akasikia ngo, ngo, ngo. Mwalimu alikuwa anagonga ubao kuwaonyesha anavyowagongea mchwa kabla ya kuweka sikio. Halafu watu wa ng'ambo wakacheka, na mkewe akacheka nao, kicheko kilekile cha nyumbani.

Mwalimu alipotoka alikuwa na jasho.

"Wameuliza nini?" fundi akamuuliza.

"Wameuliza vyeti vina ladha gani."

"Hapana, kweli."

"Kweli. Halafu wakauliza maswali magumu, moja sikulijua, nikawaambia silijui." Akavua miwani akaifuta. "Na wakauliza kama familia yangu itaweza kukaa bila mimi."

Mchomelea akakumbuka ana kazi, akaondoka.

"Ukajibuje?"

"Nikasema mume wangu ni seremala, na ameishi na mchwa ndani ya nyumba kwa ajili yangu. Nikasema mtu huyo ataweza." Akamtazama. "Nimekosea?"

Fundi alikuwa na maneno. Yalikuwa mengi, yakagombania mlango, hakuna lililopita. Akasema, "Hujakosea."

Wakasubiri. Kusubiri kwa mwalimu kulikuwa kwa kufanya kazi: alisahihisha madaftari, alipika, alisikiliza mwimo. Kusubiri kwa fundi kulikuwa kwa kumtazama. Aligundua vitu. Kwamba mkewe hukoroga chai akielekea kushoto. Kwamba akivaa viatu huanza na kile kinachombana. Mtu unakaa naye umri wote, na vitu hivyo unakuja kuviona pale unapohisi atakwenda.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya kigoda na miwani, na mchana wake mwalimu akatokea karakana kabla ya saa za shule kuisha. Akasimama kwenye mwanga wa mlango. Fundi alikuwa katikati ya ubao, randa inakwenda.

"Wamenichukua," akasema.

Randa haisimamishwi katikati. Ukisimama, ubao unabaki na kovu, na mteja atalipapasa siku zote. Fundi akaendelea mpaka mwisho wa ubao, ukatoka unyoya mmoja mrefu wa mbao, ukajikunja ukaanguka miguuni pake. Mwalimu alimsubiri. Alijua.

Fundi akaweka randa kwa ubavu, ili makali yasiguse meza.

"Hongera, mwalimu."

"Nisiende?"

"Nani kasema?"

"Uso wako."

"Uso wangu haujasoma. Usiusikilize."

Akamkumbatia na vumbi lake lote. Mwalimu akarudi shule na alama za mikono ya unga wa mbao mgongoni, na wanafunzi, wanavyopenda kuona, wakaziona.

Alisafiri msimu wa mvua ulipoanza. Fundi alimpa penseli yake ya useremala, ile bapa, kwa sababu haibingiriki mezani. Zaidi ya hiyo hakujua mtu anapewa nini akienda kusoma uzeeni. Kule mwalimu alifika salama, akapewa meza, akapewa koti jeupe, akapewa chumba chenye dirisha lililotazama ukuta. Kwa simu alisema baridi ya huko inaingia hadi kwenye meno. Alisema pia hajawahi kuwa na furaha hivyo, halafu akanyamaza, kama aliyesema jambo mbele ya mgonjwa.

"Sema," fundi akamwambia. "Nimekutuma ukafurahi."

Kila Jumapili alipiga simu. Baada ya salamu na habari za binti, alisema, "Haya, nipeleke mlangoni." Fundi aliibandika simu kwenye mwimo wa kushoto, akagonga kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, ngo, akaacha. Kimya. Huku fundi ameshika simu mwimoni, kule mwalimu ameshika yake sikioni, katikati yao mchwa. Simu ile haikuweza kusikia vitu vidogo hivyo. Wote wawili walijua. Hawakuacha.

"Wa kulia je?"

"Mzima. Hawajaugusa."

"Njia yao ya udongo imefika wapi?"

Fundi alipima kwa shubiri na vidole, akamwambia, na mwalimu akaandika kwa penseli ile bapa. Alisema vipimo hivyo viko ndani ya kazi yake, na profesa ameviona.

"Ameuliza shubiri ni kipimo gani."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ni mkono wako. Amesema basi usije ukakua."

Fundi akawa anaishi kuelekea Jumapili. Jumatatu ilikuwa ndiyo mbali kuliko siku zote. Kitanda alilala upande wake, ule mwingine haukuguswa, na asubuhi alikorogea chai yake kushoto, kuona inakuwaje. Inakuwa chai.

Mwaka wa pili mwalimu alitakiwa kurudi kwa msimu mzima, kufungua mwimo na kulinganisha na vichuguu vya maeneo ya jirani. Tiketi ilikatwa. Fundi alipaka chokaa ukuta, akatengeneza meza mpya kwa ajili ya hadubini, akaiweka mahali palipokuwa na sanduku. Jumapili moja simu ilikuja mapema, na haikuwa yeye. Ilikuwa ya profesa. Binti aliipokea, akasikiliza, akakaa chini polepole. Mama yake alikuwa amelalamika kichwa akiwa kazini. Walimpeleka hospitali. Hakuamka.

Alirudi kabla ya tarehe ya tiketi yake.

Ya mazishi fundi hayasemi. Aliyekuwepo anajua. Jeneza la ng'ambo lilikuwa la mbao nzuri, zimeungwa vizuri, naye aliligusa kona kwa kidole akajua aliyelichonga hakuwa na haraka. Hilo lilimfaa kidogo.

Profesa alipiga tena baadaye. Kwa mdomo wa binti alisema kuna mwanafunzi mwingine ataendeleza swali lile, na kwamba jina la mwalimu litatangulia. Akauliza pia kwa adabu kama baba angeweza kuendelea kupima. Baba akasema mikono ipo, haijakua.

Sasa mwimo wa kushoto umebaki ngozi. Ukiubonyeza unaingia. Mlango umelalia upande, ukifunga unakwaruza sakafu. Wateja wanaopitia uani hucheka: seremala gani huyu, mlango wake unaliwa akiutazama. Dada yake haachi.

"Ndugu yangu, paka dawa. Nyumba itakuangukia."

"Haitaanguka. Nimeweka nguzo."

Kweli ameweka nguzo, kando ya mwimo, imebeba mzigo wote. Ameipaka dawa nguzo hiyo peke yake, na ameisimamisha mbali kidogo ili harufu isiwafikie.

"Mwenyewe hayupo," dada yake akamwambia juzi, kwa upole, si kwa ugomvi. "Unamwekea nani?"

Kopo la oili chafu lipo palepale, na brashi juu yake imekauka. Asubuhi hukalia kigoda na chai yake, akinywa bila sauti. Halafu hugonga, ngo, ngo, ngo, akaweka sikio. Wapo. Wanakula. Wa kulia hawajaugusa hata leo, na hakuna anayejua kwa nini.

Humjia siku ile ya safari. Gari limekwisha kupakiwa, dereva anapiga honi, binti amekaa ndani anamwita mama yake. Mwalimu alishuka tena, akapita sebuleni na viatu vyake vya safari, akaja mpaka uani. Fundi alidhani amesahau miwani. Lakini miwani ilikuwa usoni. Aliinama akaweka sikio kwenye mwimo, kidogo tu, akanyoosha mgongo, akamtazama mumewe aliyekuwa amesimama na mikono isiyojua pa kukaa, akasema: "Usiupake dawa huu. Waache wale taratibu, nitarudi niwasikilize."